Aliyebeba Viti

Hotuba hii niliitoa Jumamosi moja mchana kwenye mkutano wa vijana na wazazi, chini ya turubai nje ya kanisa letu, Mwanga, Kigoma mjini. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Bwana Yesu asifiwe! Bwana Yesu asifiwe tena!

Shikamooni wazee wangu. Mchungaji wetu, mama mchungaji, wazee wa kanisa, walimu wa shule ya Jumapili, wageni mliotoka Ujiji, Gungu na Bangwe, karibuni sana. Na ninyi mliokaa huko nyuma kabisa mnachezea simu mkidhani siwaoni, vijana wenzangu, mambo vipi?

Hiki kipaza sauti kinakwaruza, naomba nikiweke chini. Mimi nimekulia Katonga, mwaloni. Sauti yangu imezoea kushindana na injini za boti.

Kwenye ratiba mmeandikiwa kwamba nitazungumza juu ya "Kijana na Ushindi". Mada hiyo nilipewa wiki tatu zilizopita na niliipokea kwa mikono miwili. Nikaandika kurasa nne. Juzi usiku nikazisoma kwa sauti peke yangu chumbani, nikafika ukurasa wa pili nikaona aibu, maana nilikuwa nawaandikia watu nisiowajua mambo nisiyoyajua. Mchungaji, nisamehe. Leo naomba nizungumzie viti.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba mwaka 2016 nilikuwa na miaka 15, niko kidato cha pili. Baba alikuwa ameshafariki zamani, nyumba yetu ilikuwa inalishwa na kaka yangu, miaka 22, mvuvi wa dagaa. Mliokulia huku hamhitaji kuelezwa, lakini kuna wageni: dagaa wa Kigoma wanavuliwa usiku, kwa taa, na kazi yenyewe ni siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kamili dagaa hawafuati taa, na wavuvi wanalala nyumbani, wanashona nyavu, wanadaiwa madeni yao. Zile zilikuwa siku za giza. Kaka alitoka jioni amevaa koti la mvua la marehemu baba, akamwambia mama amwekee kiporo. Usiku wa manane upepo wa kusi ukaamka. Kwenye boti walikuwa saba. Watano waliokotwa asubuhi wakiwa wameshikilia madumu matupu ya mafuta. Kaka na mwenzake mmoja hawakuonekana.

Hawajaonekana mpaka leo.

Darasani tulifundishwa kwamba Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal kule Urusi, mita 1,470 pale lilipo refu kwenda chini. Mwalimu wa jiografia aliitaja namba hiyo kwa fahari, na sisi tuliikariri kwa fahari. Mwaka ule niliichukia. Nilikuwa naamka usiku nazihesabu zile mita.

Basi likapigwa turubai nyumbani. Vikaja viti vya kukodi, vya plastiki, vya bluu, sitini. Na mimi nikaanza kubeba viti.

Nataka mnielewe vizuri hapa, maana ndilo jambo nililokuja kusema. Msiba wa kwetu una nafasi ya kila mtu. Mama yuko ndani kwenye mkeka, kanga begani, amezungukwa na wanawake. Baba mdogo yuko nje na kamati, daftari la rambirambi mezani, peni imefungwa kwa uzi isiibiwe. Wazee wako chini ya mwembe. Watoto wadogo wamepelekwa kwa jirani. Sasa yule wa miaka 13, 15, 17, yeye anakaa wapi? Hana pa kukaa. Ana miguu mizuri na mikono mizuri, kwa hiyo anatumwa. "Wewe binti, lete maji ya kunawa." "Wewe binti, huku chai imeisha." "Wewe binti, mama mkubwa kaja toka Kasulu, mtafutie kiti."

Vile viti vilikuwa vinakuja vimepachikana kumikumi, vimegandana, unavitenganisha kwa kuweka goti. Kimoja kilikuwa na ufa kwenye kalio, kimeshonwa kwa waya, ukikaa vibaya kinabana. Kila mzee aliyekikalia aliinuka baada ya dakika mbili akanitazama kama mimi ndiye niliyekipasua. Nikakiweka nyuma ya jiko, mtu akakirudisha. Nikakificha tena, kikarudi. Kwa siku nne nilikuwa na ugomvi na kiti, na ukweli ni kwamba ule ugomvi ulinisaidia, maana ulikuwa kitu cha kufikiria.

Watu walikuwa wanapita wananivuka kichwani kwenda kumpa mama pole. Mimi nilipewa pole mara tatu. Ya tatu, yule mama alinifananisha na binti wa jirani. Aliposikia kwamba ni mimi dada wa marehemu alishtuka, akasema, "Ee! Mbona unafanya kazi vizuri hivyo?"

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka 12. Yeye alilia siku ya kwanza, kilio kikubwa, mpaka mzee mmoja akamshika bega akamwambia, "Wewe sasa ndiye mwanaume wa nyumba hii. Mwanaume halii." Akaacha palepale, kama bomba lililofungwa koki. Leo ana miaka 21, anaendesha bodaboda, mnamfahamu baadhi yenu. Akizidiwa na jambo anatoka nje kuosha pikipiki. Iwe mchana, iwe saa tano usiku, ukisikia maji yanamwagika uani, jua kuna kitu.

Yule mzee simlaumu. Yeye mwenyewe aliambiwa hivyohivyo alipofiwa na baba yake, na aliyemwambia naye aliambiwa.

Sasa kuna neno tunalisema sana kwenye misiba yetu. Mnalijua: "Kazi ya Mungu haina makosa."

Nimelifikiria neno hili miaka tisa. Mtu mzima akilisema, analisema akiwa amezika wengi, amegombana na Mungu, wamepatana, wamegombana tena. Kwake neno hilo ni kama mkeka wa zamani, anakalia akijua ulipotoboka. Lakini mpe mtoto wa miaka 15 neno hilohilo, siku ya pili ya msiba, yeye anafanya hesabu rahisi. Mungu ndiye aliyeipindua boti. Mungu hakukosea. Kwa hiyo mwenye kosa ni mimi ninayeona kwamba kuna kosa. Hesabu ikaisha. Na huyo Mungu mpindua boti nikawa namwimbia kila Jumapili, sauti ya pili, na sare ya kwaya nimeinyoosha.

Wiki iliyofuata shule zikafunguliwa. Shule yenyewe naliacha jina lake, na mwalimu pia. Nilichelewa siku tatu mfululizo, kwa sababu asubuhi nilikuwa napitia mwaloni kuangalia kama kuna boti imerudi na kitu. Siku ya tatu nikachapwa. Nikasema nina msiba. Akasema, "Msiba ulishaisha." Na kweli, kwa hesabu ya watu msiba ulikuwa umeisha. Tanga lilikuwa limeanuliwa, viti vimerudi kwa mwenyewe, hata kile chenye ufa.

Mwaka ule uliobaki nitaupita haraka, kwa sababu kuna wadogo hapa. Nilianza kujiumiza mwili, mahali ambapo sare inafunika. Njia siisemi na hamna haja ya kuijua. Nitakachosema ni kwamba sikutaka mtu aone. Watu wanasema vijana wanaofanya hivyo wanatafuta kuonekana. Mimi nilivaa sweta Kigoma, mwezi wa tisa, na jua mnalijua! Mwezi wa tisa watu wanatembea na leso mkononi wanajifuta, mimi nina sweta mpaka kwenye viganja. Na hakuna aliyeuliza. Kwaya nzima. Darasa zima. Nadhani waliona ni ushamba.

Kanisani kuna walioona kwamba nimebadilika. Kundi moja la maombi, si la hapa, lilinikalisha katikati likakemea pepo la huzuni. Walikemea saa mbili. Mimi siyo mtu wa kudharau maombi, mnanijua, nakesha na ninyi. Lakini siku ile nilikuwa natamani mmoja wao anyamaze aniulize jina la kaka yangu. Hakuna aliyelijua. Nilipochoka nikaanguka, kwa njaa tu, nilikuwa nimefunga toka jana yake. Wakapiga makofi, wakasema ametoka.

Aliyeniuliza hakuwa wa kanisa letu wala la jingine. Alikuwa bibi mmoja Mwislamu, jirani yetu, mzaliwa wa Ujiji, mchuuzi wa dagaa. Ule msiba uliangukia wiki ya Idi, na Sabasaba humohumo. Bibi aliacha pilau yake ya Idi kwa wajukuu akaja kulala kwetu msibani siku zote nne. Msiba ulipoisha akaendelea kuja. Mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi. Alikuwa anakuja jioni, anaketi kibarazani, anaweka ungo wa dagaa katikati yetu, ananiambia, "Mke mwenza, nisaidie." Bibi zetu mnawajua kwa utani.

Tunachambua dagaa. Unatoa vichwa, unatoa mchanga na vijiti vilivyoingia walipoanikwa, waliovunjika unawaweka kando wa kuku. Ile harufu inakaa kwenye kucha siku mbili. Hasemi neno. Mimi sisemi neno. Tukimaliza ungo anapepeta, anaondoka. Nadhani zilipita jioni kumi hivi, kumi na tano, bila mazungumzo yoyote zaidi ya "sogeza" na "lete hapa".

Halafu siku moja, bila kuinua kichwa, akaniuliza habari ya samaki: "Kaka yako mgebuka alikuwa anapenda wa mawese au wa kukaanga?"

Nikamjibu wa mawese. Akasema, "Na ugali wa muhogo?" Nikasema hapana bibi, alikuwa anasema ugali wa muhogo unamsubiri tumboni mpaka kesho yake, yeye ni wa mahindi tu, mama alikuwa anamtania kwamba si Muha huyu, alibadilishwa hospitali. Na nikacheka. Na nilipocheka nikaanza kulia, na nililia mpaka dagaa wakaloa, na bibi akausogeza ungo pembeni kwa mguu, taratibu, biashara isiharibike, akanivuta. Akasikia sweta. Akalikunja mkono wa kwanza. Hakupiga kelele. Akasema, "Eeh. Kumbe uko mbali hivi." Usiku uleule akamwambia mama, na kesho yake mama na bibi wakanipeleka hospitali, mmoja kulia mmoja kushoto, kama harusi.

Bibi huyo alifariki miaka mitatu iliyopita. Kwenye msiba wake sikubeba kiti. Nilikaa kwenye jamvi na wajukuu zake, na wao wakaniachia nafasi bila kuuliza mimi ni nani.

Naomba sasa tufungue Yohana 11. Mnaosoma kwenye simu, someni kweli.

Habari ya Lazaro tunaihubiri kwa ajili ya ule mwisho, jiwe linaondolewa, mtu anatoka na sanda. Mimi leo sitafika huko. Nitabaki njiani, kabla ya kaburi. Mnakumbuka kwamba Yesu alipata habari mapema, akakaa siku mbili pale alipokuwa. Alipofika, Lazaro ana siku nne kaburini. Martha akatoka kumlaki, akamwambia, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mstari wa 21. Sasa shukeni mpaka mstari wa 32. Mariamu naye anakuja, anaanguka miguuni pake, anasema nini? Maneno yaleyale! "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Wale dada wawili bila shaka walikuwa wanaambiana hivyo ndani ya nyumba siku zote nne. Lilikuwa neno la msiba wao.

Malalamiko ni yaleyale. Angalieni majibu. Kwa Martha, Yesu anafundisha: mimi ndimi huo ufufuo, na uzima. Fundisho kubwa, tunalisoma makaburini mpaka leo. Kwa Mariamu hafundishi kitu. Anaugua rohoni, anauliza swali moja, "Mmemweka wapi?" Kisha mstari wa 35, ule mfupi ambao watoto wa shule ya Jumapili wanaukimbilia wakiambiwa wakariri mstari: Yesu akalia machozi.

Alijua anachokwenda kufanya. Alijua baada ya nusu saa watu watakuwa wanashangilia. Angeweza kumwambia Mariamu, nyamaza, subiri uone. Hakusema. Alilia na yeye kwanza.

Na wala hakumkemea yeyote kati yao kwa kusema "kama ungalikuwapo". Hiyo ni lawama, wapendwa, tusiipake sukari. Ni kumwambia Bwana usoni kwamba umechelewa. Kijana wako akikwambia, "Mungu alikuwa wapi?", amenukuu Biblia bila kujua. Usimzibe mdomo. Zaburi ya 88 nayo isomeni mkifika nyumbani. Zaburi nyingi za kilio mwishoni hugeuka zikawa sifa. Hii haigeuki, inaishia gizani kabisa, na bado wazee wa zamani waliiacha ndani ya kitabu cha nyimbo, watu waimbe.

Lile swali la "mmemweka wapi" linanigusa kwa sababu yangu mwenyewe. Wao walimjibu, njoo utazame. Mimi nikiulizwa hivyo, naonyesha ziwa.

Kuna jambo la pembeni nataka kuwapa wale wa Ujiji. Pale kwenu kuna kumbukumbu ya Livingstone, tumepelekwa wote na shule, tumeziona zile sanamu mbili, yeye na Stanley, kofia mkononi, wakisalimiana. Tunaambiwa Novemba 1871, tunaambiwa chini ya mwembe, tunapiga picha, tunarudi kununua ubuyu. Hatuambiwi kwamba miaka tisa kabla, mwaka 1862, mkewe Mary alikufa kwa homa huko Shupanga, mtoni Zambezi, na kwamba yeye, mmisionari, mtu mgumu vile, aliandika kuwa kwa mara ya kwanza maishani alitamani kufa. Mimi hilo nililijua nikiwa na miaka 20. Ningeambiwa nikiwa 15, nimesimama pale na sweta langu, ningesikiliza ziara nzima.

Wazazi, mnaniangalia kama mnasubiri niseme la kufanya. Sawa.

Ukimwona kijana wako amebadilika, usingizi, chakula, masomo, nguo ya mikono mirefu juani, mwulize. Mwulize kwa jina lake, mkiwa mnafanya kazi nyingine ya mikono. Usimkalishe sebuleni kama baraza la kata. Na kama una wasiwasi kwamba anafikiria kufa, mwulize hilohilo kwa maneno hayohayo: "Mwanangu, unafikiria kujiua?" Najua mnaogopa mtampandia wazo. Hampandi. Wataalamu wa afya ya akili wameliangalia hili mara nyingi na kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Kwa kawaida anashusha pumzi, maana amepata wa kumwambia. Shirika la Afya Duniani linataja kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani, kwa hiyo tusidhani ni habari za Ulaya.

Wengine mnaficha kwa kuogopa sheria. Ni kweli, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inataja kujaribu kujiua kuwa kosa, na kwa maoni yangu kifungu hicho kimewafanya wazazi wengi wafunge mlango badala ya kwenda kutafuta dawa. Nendeni hospitali. Maweni ipo, si mbali. Ofisi za ustawi wa jamii zipo. Kama anayemuumiza mtoto yuko ndani ya nyumba yenu, na hilo lipo, tusitazamane pembeni, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Na ninyi vijana, chukueni simu mlizokuwa mnachezea, andikeni 116. Ni namba ya huduma kwa mtoto, haina gharama, hata salio likiwa sifuri. Andikeni sasa, nasubiri.

Mmeandika? Haya.

Na kufiwa kuna namna nyingi. Kuna binti aliyepata mimba akapoteza dawati lake. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu hao warudi shule, lakini kurudi kwenye benchi la kanisa bado sisi hatujaruhusu, semeni kama naongopa. Kuna wanaofiwa na baba aliye hai. Nilikwenda Nyarugusu na kwaya, nikakaa na kijana mmoja mpiga ngoma, wazazi wake walitoka Kongo, yeye kazaliwa palepale kambini. Nikamuuliza kwenu wapi. Akafikiri, akasema, "Namba ya nyumba au nchi?" Nikakosa la kumjibu, nikamwomba anifundishe ile ngoma. Nilikuwa nimejifunza kwa bibi.

Sasa la mwisho, halafu niwaachie mkale.

Mama aliponipa chumba cha kaka, dirisha lake lilikuwa linatazama ziwani. Siku za giza, ukiangalia kutoka Katonga, zile taa za wavuvi zinakuwa kama mji. Mgeni anaweza kuuliza, ule ni mji gani ng'ambo? Kwa miaka minane nilikuwa silali bila kuziangalia. Nilikuwa nachagua moja, nasema ile ni yake. Mtu mzima, nimemaliza chuo, na bado nachagua taa. Sikumwambia mtu, hata hospitali sikusema.

Mwaka 2024 serikali ikafunga uvuvi ziwani miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana, na nchi jirani tunazochangia ziwa nazo zikakubali. Mnakumbuka ilivyokuwa ngumu, bei ya dagaa, akina mama wa mwaloni wamekaa na vichanja vitupu. Mimi nilikuwa na shida nyingine. Usiku wa kwanza nilifungua dirisha, hakuna taa. Hata moja. Ziwa jeusi mpaka Kongo.

Nilikasirika, wapendwa. Nilisali ile sala ambayo sijawahi kuisali hadharani, naisema leo. Nilisema, "Hata hiyo taa umeichukua?" Sikusema amina. Nikakaa dirishani nikiwa nimenuna kama mtoto. Kesho yake nikakaa tena. Sikusikia sauti, sikuota ndoto, kama kuna anayesubiri ushuhuda wa namna hiyo nitamvunja moyo. Nilichokiona ni kwamba giza halikuwa tupu kama nilivyoogopa. Palikuwa na mawimbi, mbwa wa jirani, redio ya mtu, mdogo wangu anaosha pikipiki. Na mimi nilikuwa naongea, usiku hadi usiku, na yule niliyemnunia. Karibu na mwisho wa mwezi wa sita nikamwambia jina la kaka, lote, la ubatizo na la nyumbani, kama vile hakuwa analijua. Tarehe 15 Agosti taa ziliporudi nilifurahi kama kila mtu, kwa sababu ya dagaa. Nilijaribu kuchagua moja. Zilikuwa taa za watu.

Bado sijui kwa nini wale watano walishika madumu na kaka hakushika. Nimeacha kudai jibu kila siku. Nadai baadhi ya siku. Na ninaimba sauti ya pili, na hamnisikii nikikosea sana.

Mchungaji ananionyesha saa, naona. Asanteni kwa kunisikiliza.

Tangazo moja tu kutoka kwa mwenyekiti. Viti hivi ni vya kukodi, vipo 120, vinatakiwa kwa mwenyewe kabla ya saa kumi na mbili. Vijana, naomba mbaki mmekaa hapohapo mlipo. Wazee wangu, baba zangu, mama zangu, vimegandana hivi, unaweka goti. Anzeni na mstari wa nyuma.